KABARE NA NGWESHE: NYUMBA MBILI ZA BABA MMOJA

Mwanafunzi wa shule zetu za Bukavu akiulizwa ni mfalme gani aliyeitwaa Kongo iwe mali yake, atajibu mara moja: Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Akiulizwa ni nani aliyetawala Roma Bwana wetu alipozaliwa, atajibu vilevile bila shida: Kaisari Augusto, kwa maana hulisikia jina hilo katika Injili ya usiku wa Noeli. Lakini mwulizeni mtoto huyohuyo: Kilima hiki unachokaa kilikuwa cha nani kabla haijajengwa juu yake nyumba ya kwanza ya matofali? Babu wa babu yako alikipata kwa njia gani? Hapo mtoto atainamisha kichwa. Wala tusimcheke, kwa sababu wazazi wake wengi nao watanyamaza pamoja naye.

Ndiyo maana tumeona vema kuwasimulia, wapenzi wasomaji, habari za falme za Bushi, yaani nchi hii inayouzunguka mji wetu. Hatufanyi hivyo ili watu wajivunie ukoo au kilima chao. Twafanya hivyo kwa kuwa ugomvi mwingi wa mashamba unaozivuruga nyumba za Wakristo leo una mizizi yake katika habari hizi. Na mganga asiyejua ugonjwa ulikoanza hawezi kuutibu.

NCHI YENYEWE

Bushi ni nchi ya vilima, upande wa kusini-magharibi wa Ziwa Kivu. Ziwa lenyewe liko juu kadiri ya meta 1,460 kupita bahari, na vilima hupanda tokea hapo kwenda magharibi mpaka kwenye msitu wa mlima Kahuzi, wenye meta 3,308. Hali yake ni ya baridi, mvua zake ni nyingi, na udongo wake ulisifiwa tangu zamani. Watu wake ni Washi, na lugha yao ni Mashi. Walilima mtama, ulezi na maharagwe, wakapanda migomba kuzunguka nyumba zao, na juu ya vyote wakapenda ng'ombe. Hata jina la Bukavu, wazee husema, latokana na neno la Mashi lenye maana ya mahali pa ng'ombe. Mahali hapo palikuwa pa mkuu aliyeitwa Nyalukemba, na mtaa mmoja wa Ibanda wachukua jina lake hata leo. Mwaka 1927 Wabelgiji waliuita mji huu Costermansville, kwa heshima ya mkubwa wao mmoja. Katika miaka ya 1950 ukarudishiwa jina lake la kale.

Bushi haikuwa na mtawala mmoja tu. Palikuwa na Kabare, ambayo makao yake makuu yako Cirunga. Palikuwa na Ngweshe, ambayo makao yake yako Walungu. Tena palikuwa na falme ndogo zaidi: Kaziba, iliyosifiwa kwa wafua chuma wake, na Luhwinja, na Burhinyi, na Ninja. Nyangezi nayo ilikuwa na watawala wake wa ukoo wa Barhungu. Kila moja ilikuwa na mtawala wake aliyeitwa Mwami.

Wazee husimulia kwamba wengi wa watawala hao ni wa ukoo mmoja, ukoo wa Banyamwocha, na kwamba mababu zao walitoka Lwindi, huko kwenye msitu wa magharibi. Mama yao aliitwa Namuhoye. Mmoja wa wanawe, Kabare Kaganda, ndiye aliyekuja kwenye vilima vya mashariki, na jina lake likawa jina la kiti: kila Mwami anayekaa Cirunga huitwa Kabare, kama vile kila mfalme wa Misri ya kale alivyoitwa Farao. Kabare hakuikuta nchi tupu. Walikuwapo watu wenye mashamba na wakuu wao. Waliokuja na waliokuwapo waliishia kufanya taifa moja, lenye lugha moja na desturi moja.

MWAMI ALIKUWA NANI?

Tukisema neno mfalme, mara moja twawaza askari, ikulu na kodi. Mwami wa Bushi alikuwa na mikuki, ndiyo, na alipokea ng'ombe. Lakini watu hawakumtazama kwanza kama mtu wa vita. Walimtazama kama mtunza mbegu. Husimuliwa kwamba Mwami wa kweli huzaliwa akiwa na mbegu mkononi. Kila mwaka ilifanyika sikukuu ya Mubande, yaani sikukuu ya mbegu, ili nchi ipate kupanda kwa baraka. Alama ya enzi yake ilikuwa taji dogo liitwalo ishungwe, linalovaliwa kichwani.

Tena Mwami hakuweza kujivika taji hilo mwenyewe. Walikuwapo watu walioitwa bajinji, watunzaji wa desturi za enzi, na pasipo wao hapakuwa na Mwami. Basi, mwenye amri juu ya wote alikuwa naye akiwategemea wengine ili apate kuwa na amri. Hilo ni fundisho ambalo watawala wengi wa siku hizi wangelijifunza kwa faida.

Twajua kwamba katika desturi hizo yalikuwamo mambo ambayo Mkristo hawezi kuyashika, kama ibada za Lyangombe. Lakini twajua pia kwamba Washi walimwita Mungu Nyamuzinda, wakiwaza Yule aliye mwisho wa mambo yote, na kwa jina hilo hilo Wakristo wa Bushi humwomba leo katika lugha yao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika tangu 1962 mpaka 1965, umetufundisha kuyatazama kwa heshima yaliyo mema katika desturi za mataifa. Kanisa nalo lina sala zake za kubariki mbegu na mashamba. Mkulima anayeleta kikapu cha maharagwe mbele ya altare hajaiacha nchi yake. Amempelekea Mwenye nchi.

KALINZI, YAANI AGANO LA SHAMBA

Sasa tufike kwenye moyo wa habari hii. Falme za Bushi zilisimama juu ya nini? Zilisimama juu ya shamba, na shamba lilisimama juu ya neno.

Ardhi yote ilihesabiwa kuwa ya Mwami. Mwami aligawia wakubwa wa vilima, ambao Washi huwaita barhambo. Nao waligawia watu walio chini yao. Mtu aliyetaka mahali pa kujenga na kulima alimwendea mkuu wa kilima, akampa ng'ombe, au mbuzi kwa kadiri ya uwezo wake. Zawadi hiyo iliitwa kalinzi. Mkuu akiisha kuipokea, alimwonyesha mipaka mbele ya mashahidi: mti huu, kijito hiki, jiwe lile. Tangu siku hiyo shamba lilikuwa la mtu huyo na la wanawe baada yake. Aliruhusiwa kupanda migomba, ambayo ni mmea wa kudumu. Yeye alimpa mkuu heshima na msaada wa kazi; mkuu naye alimpa ulinzi, akasimama upande wake alipodhulumiwa.

Palikuwa pia na njia ndogo, iitwayo bwasa. Mtu asiye na ng'ombe wala mbuzi aliazimwa kipande cha shamba kwa majira, akakilipia kwa siku za kazi au kwa pombe. Huyo alikatazwa kupanda migomba, maana migomba ingefanya kipande cha kuazimwa kionekane kuwa urithi.

Tusiseme kwamba mambo hayo yalikuwa matakatifu. Walikuwapo wakuu wenye tamaa, na maskini waliofukuzwa kwa visingizio. Lakini tazameni jinsi yalivyojengwa: ng'ombe wa kalinzi hakuwa bei kama ya sokoni, ambapo mnunuzi na mwuzaji huachana na kusahauliana. Alikuwa mwanzo wa udugu wa vizazi. Aliyetoa na aliyepokea walifungana, na watoto wao walirithi kifungo hicho pamoja na shamba. Hili twaliita agano. Na agano la namna hiyo lina udhaifu mmoja tu: laishi katika kumbukumbu za watu. Watu wakifarakana, au mashahidi wakifa, agano halina pa kukaa.

NDUGU WANATENGANA

Nyumba ya Ngweshe ilizaliwa katika nyumba ya Kabare. Mwana mmoja wa ukoo huo alipata nchi yake upande wa kusini-magharibi, na uzao wake ukatawala humo kwa enzi yake, nao wakiitwa wote Ngweshe. Mwanzoni ilikuwa kama tawi la mgomba lililochipuka kando ya mama yake. Lakini kadiri miaka ilivyopita tawi lilipata urefu sawa na mama, na wa nyumba ya kwanza waliona uchungu, na wa nyumba ya pili walikataa kuinama. Katika karne ya 19 nyumba hizi mbili zilipigana mara nyingi kwa ajili ya ng'ombe na mipaka.

Msomaji wa Maandiko Matakatifu anaijua hadithi ya namna hii. Solomoni alipokufa, kabila za kaskazini zilimwendea mwanawe Roboamu, zikamwomba apunguze mzigo wao. Roboamu aliwasikiliza vijana wenzake akakataa kwa maneno makali. Siku hiyo ufalme wa Daudi ulipasuka: kaskazini Israeli, kusini Yuda, ndugu kwa ndugu wakipigania vijiji vya mpakani. Mwaka 722 kabla ya Kristo Waashuru walimeza Israeli. Yuda alibaki, lakini mwaka 587 Wababiloni nao walimmeza. Waswahili husema: Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Mithali hiyo ni njema kwa jirani mwenye busara, atakayekaa mbali na ugomvi wao. Lakini yuko jirani mwingine, ambaye akiona ndugu wanagombana huchukua jembe akalime shamba lao.

WAGENI WANAFIKA

Jirani wa kwanza alitoka ng'ambo ya ziwa. Alikuwa Kigeli Rwabugiri, mfalme wa Rwanda, mtu wa vita vingi. Alikiteka kisiwa cha Ijwi, na mara kadhaa alivuka kwenda kupiga Bushi. Washi hawakumpokea kwa mikono mitupu: vita vya Kanywiriri, ambavyo jeshi la Rwanda liliangamia ndani yake, vyakumbukwa kwa huzuni hata katika masimulizi ya Rwanda yenyewe. Rwabugiri alifariki mwaka 1895, akiwa katika safari ya kwenda tena kupigana na Bushi.

Mwaka mmoja kabla ya kifo hicho, mwaka 1894, Mjerumani von Götzen alikuwa amefika kwenye Ziwa Kivu, na Wazungu wengine walimfuata. Wajerumani upande wa mashariki na watu wa Leopold upande wa magharibi waligombea ziwa hilo kwa miaka zaidi ya kumi, mpaka walipopatana huko Brussels mwaka 1910 na kuchora mpaka. Hakuna Kabare wala Ngweshe aliyeitwa mezani. Ramani ya nchi yao ilichorwa na watu ambao hawakupata kulima wala bustani moja juu yake.

Wakati huo aliyekaa Cirunga alikuwa Mwami Rutaganda. Huyu alikataa kuinama. Tangu mwaka 1900 hivi mpaka katika vita vya kwanza vya dunia, vilivyoanza 1914, alipigana na askari wa Serikali, akashindwa, akajificha, akarudi tena. Alikufa mwaka 1919. Wazee wa Kabare hulitaja jina lake kwa heshima hata leo. Lakini twaulize kwa upole: je, mambo yangekwenda namna gani, kama nyumba ya Ngweshe na nyumba ya Kabare zingekuwa zikila sahani moja? Wabelgiji walikuta nyumba mbili zisizoaminiana, wakashughulika na kila moja peke yake. Hawakuhitaji kuichana nguo. Waliikuta imekwisha kuchanika.

Katika miaka hiyohiyo ya taabu Injili iliingia Bushi. Mapadri Weupe, wana wa Kardinali Lavigerie, walifungua misioni ya Nyangezi mwaka 1906. Mbegu hiyo ilikua: mwaka 1929 Kivu ilifanywa vikariati, na tarehe 10 Novemba 1959 Bukavu ikawa jimbo kuu. Wana wa Kabare na wana wa Ngweshe walikaa benchi moja katika katekisimu, wakafundishwa kusema Baba Yetu, wala si Baba Yangu.

SHAMBA LINAGEUKA KARATASI

Lakini pamoja na misalaba zilikuja pia hati. Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyopewa mamlaka ya kuwagawia walowezi ardhi kubwa. Vilima vya Bushi, hasa vya Kabare vilivyo karibu na ziwa, vilijaa mashamba ya kahawa, ya chai na ya kwinini. Mtu ambaye babu yake alitoa ng'ombe wa kalinzi alijikuta kibarua juu ya shamba la babu yake. Mwaka 1931 mtu mmoja aitwaye Binji-Binji alitangaza kwamba wageni wataondoka, na watu wengi wakamfuata. Serikali ikaizima fujo hiyo kwa nguvu. Mwaka 1936 Wabelgiji walimwondoa Mwami Rugemanizi, mwana wa Rutaganda, wakampeleka uhamishoni mbali na watu wake. Alirudi wakati wa uhuru, zaidi ya miaka ishirini baadaye.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Wengi walifikiri kwamba mashamba yatarudi kwa wenyewe. Lakini sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilitangaza kwamba ardhi yote ya nchi ni mali ya Serikali. Katiba ya mwaka 2006 imewatambua watawala wa jadi, na sheria ya mwaka 2015 imepanga hali yao. Kabare na Ngweshe zina Mwami hata leo. Hata hivyo, katika vilima vyetu familia nyingi hukaa juu ya shamba ambalo hati yake pekee ni kumbukumbu za wazee: ng'ombe fulani, siku fulani, mbele ya fulani na fulani.

Na hapo ndipo taabu ya siku hizi inapoingia. Mzee afa bila kuwaonyesha watoto mipaka. Ndugu wawili, wote wamebatizwa, wote hupokea Ekaristi, washtakiana barazani kwa ajili ya mistari mitatu ya migomba. Mmoja, kwa hasira, auza kwa siri sehemu yake na sehemu ya mwenzake kwa mtu wa mjini mwenye fedha. Mnunuzi huyo aenda ofisini, apata karatasi. Mjane aliyelima hapo miaka thelathini aambiwa kwamba shamba lake lilikuwa bwasa tu, na kwamba hana shahidi. Kweli hana, maana mashahidi wamelala makaburini, na walio hai wamenyamaza kwa kuogopa au kwa kupewa kitu. Je, hadithi hii si ile ile ya Kabare na Ngweshe, ila imeingia ndani ya ua mmoja? Ndugu wamegombana, na mgeni amechukua jembe.

TUFANYE NINI?

Vijana wengine wa mjini hufanya mzaha wa kutukanana: wewe wa Kabare, wewe wa Ngweshe. Mzaha huo ni mavumbi ya vita vya zamani, haufai kupeperushwa. Mwafahamu kwamba Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa alizaliwa mwaka 1926 upande wa Walungu, katika nchi ya Ngweshe. Alipouawa hapa Bukavu, pale Nyawera, tarehe 29 Oktoba 1996, alikuwa amebaki na kundi lake ingawa vita vilikuwa vimefika mlangoni, naye alikuwa amewatetea hata wakimbizi wageni. Hakuuliza mtu ni wa kilima gani. Huyo ndiye mtunza mbegu wa kweli: amejifanya mwenyewe kuwa mbegu.

Kwa hiyo twawaomba mambo matatu, ninyi wazazi na ninyi wanafunzi.

La kwanza, ulizeni. Babu na bibi zenu ni maktaba isiyo na nakala. Waulizeni ukoo wenu, kilima mlichotoka, na jinsi shamba lilivyopatikana: kwa kalinzi, kwa kununua, au kwa kuazimwa. Msikatishe maneno yao hata wakirudia mara mbili.

La pili, andikeni. Ninyi mnaosoma shuleni mmepewa kalamu ambayo Rutaganda hakuwa nayo. Nendeni na mzee mpaka mpakani, pamoja na majirani wa pande zote. Andikeni mti, kijito na jiwe; andikeni majina ya waliokuwapo, kila mtu atie sahihi au alama ya kidole, na nakala apewe mkuu wa kilima. Andikeni pia haki ya mjane na ya mabinti, ili asiwepo wa kusema baadaye kwamba hakusikia.

La tatu, pataneni mapema. Kesi ya mistari mitatu ya migomba, ikiletwa jioni mbele ya wazee wa ukoo na wazee wa jumuiya yenu ya Kikristo, yaweza kumalizika kabla ya kulala. Ikipelekwa mbali, mara nyingi hula shamba lote pamoja na wenye shamba.

Msingojee mzee augue. Jumapili hii, baada ya Misa, mwendeeni angali ana nguvu za kutembea mpaka mpakani, na ndugu mnayekosana naye mwiteni aje pamoja nanyi.